Simu za Intaneti na Ofisi za Unyanyembe

Simu ya intaneti ni simu ambayo sauti yake haipiti katika laini iliyotengwa kwa ajili ya wazungumzaji wawili. Hukatwa vipande vidogo, kila kipande kikaandikwa kinakokwenda, kisha vyote vikatumwa katika njia ileile inayopitisha barua pepe, picha na miamala ya benki. Katika simu ya mezani ya zamani, mtu wa Tabora alipompigia mtu wa Dar es Salaam, mitambo iliwafungia njia nzima mpaka mmoja wao akate. Hata wakinyamaza, njia ilibaki yao na hesabu iliendelea kusoma. Katika simu ya intaneti hakuna njia inayofungwa. Kwa kawaida kila sekunde ya mazungumzo hugawanywa katika pakiti 50, kila moja ikiwa na milisekunde 20 za sauti. Pakiti hizo huchanganyika njiani na mizigo ya watu wengine, zikifika upande wa pili hupangwa upya na kurudishwa kuwa sauti.

Juu ya utaratibu huo kumejengwa biashara kubwa ya programu za mawasiliano ya kiofisi: switchibodi isiyo na chumba, ekstensheni inayomfuata mfanyakazi kwenye simu yake ya mkononi, sauti inayomwambia mteja abonyeze 1 kwa Kiswahili, kumbukumbu za simu zilizopokelewa na zilizokosa mpokeaji, mikutano ya video, na ujumbe mfupi unaotumwa kwa maelfu ya watu kwa mara moja. Wauzaji wake huitangaza kwa bei nafuu. Bei ni kweli hushuka, lakini kwa taasisi iliyoko bara, mbali na bahari na mbali na makao makuu ya kampuni za simu, bei si jambo la kwanza la kutazama.

Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, inafaa kulipimia jambo hili. Ndipo ilipo Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo, na ndipo T.M.P., idara ya vitabu iliyoanzishwa na wamisionari, ilipotoa vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa katika parokia na shule nyingi za Tanzania. Ni mahali pa taasisi zenye majengo kadhaa katika eneo moja: ofisi, mabweni, jiko, maktaba, karakana. Sehemu ya mawasiliano yao huishia palepale, kutoka jengo hadi jengo. Nyingine huenda mjini Tabora, nyingine Dar es Salaam, na nyingine nje ya nchi. Shule nyingi, hospitali za misheni na vyama vya ushirika vya mikoa ya magharibi vina umbo hilohilo.

Habari zimekuwa zikikwama Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, tangu enzi za misafara. Safari yenyewe ilikuwa ya miezi: wapelelezi Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kaze, katika Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Mfuko wa barua za David Livingstone ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870 ulitoka pwani kwenda Ujiji ukakwama Unyanyembe, ukaja kumfikia mwenyewe mwaka mmoja baadaye, mikononi mwa msafara wa Henry Stanley. Barua hazikupotea. Zilikosa mtu wa kuzisogeza mbele. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na kwa miaka mingi baadaye vituo vya misheni na hospitali vya magharibi vikategemea simu ya upepo, ambayo mmoja husema na mwenzake hungoja zamu. Shirika la posta na simu la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, likafuatiwa na shirika la Tanzania, ambalo nalo liligawanywa, na kampuni ya simu ya TTCL ikaanza kazi mwaka 1994. Kuunganishiwa simu ya mezani kulihitaji subira ndefu. Kwa watu wengi wa bara, simu ya kwanza maishani ilikuwa ya mkononi.

Leo umbali wenyewe si tatizo tena. Mwanga ndani ya waya wa faiba hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Tabora hadi Dar es Salaam kwa reli ni takriban kilomita 840. Kwa hesabu hiyo, sauti inayopita katika mkongo wa taifa ingeweza kufika pwani kwa milisekunde nne au tano. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linashauri kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo wa msemaji hadi sikio la msikilizaji. Ikizidi sana hapo, watu huanza kukatizana: kila mmoja hudhani mwenzake amemaliza kusema, wote wawili huanza pamoja, kisha wote wawili hunyamaza. Waliowahi kuzungumza kwa setilaiti za zamani wanaijua hali hiyo. Setilaiti hizo hukaa juu karibu kilomita 36,000, na kupanda na kushuka peke yake humaliza robo ya sekunde.

Kinachoamua ubora, basi, ni mahali seva ilipo. Ofisi ya Kipalapala ikinunua huduma ambayo mitambo yake iko Ulaya, simu ya kwenda mjini Tabora inaweza kulazimika kwenda Ulaya kwanza na kurudi. Njia ya kebo kutoka Dar es Salaam hadi huko ni karibu kilomita 10,000 ikipita Bahari ya Shamu. Kwenda na kurudi, mwanga peke yake hutumia karibu milisekunde 100, kabla ya kuhesabu mitambo ya njiani. Mbaya zaidi ni pale kebo inapokatika. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za SEACOM na EASSy zilikatika kwa wakati mmoja katika upande wa kusini, na intaneti ya Tanzania na nchi jirani ikadorora vibaya. Simu ya watu wawili walio Tabora haina sababu ya kuzitegemea kebo hizo. Tangu mwaka 2004 Dar es Salaam ina kituo cha kubadilishana data, TIX, ambapo watoa huduma wa nchini hukabidhiana mizigo bila kuipeleka nje. Mtoa huduma mwenye seva nchini, aliyeunganishwa na kituo hicho, anastahili kupendelewa hata kama bei yake ni kubwa kidogo.

Baada ya umbali huja upana wa njia. Sauti ya simu ya kawaida, kwa kanuni iitwayo G.711, huhitaji kilobiti 64 kwa sekunde. Ila kila pakiti hubeba pia maandishi ya anwani na mpangilio, baiti 40 juu ya baiti 160 za sauti, hivyo mzigo halisi hufika kilobiti 80 kila upande. Kwa dakika moja, kwenda na kurudi, hiyo ni karibu MB 1.2, na bando la GB 1 hutosha kama dakika 830. Kanuni nyingine, G.729, hubana sauti hadi kilobiti 8, lakini baiti 40 za anwani hazipungui, kwa hiyo mzigo hushuka hadi kilobiti 24 tu. Kanuni mpya iitwayo Opus, iliyotolewa mwaka 2012, hupanda na kushuka kufuatana na hali ya mtandao, na ndiyo inayotumika katika programu nyingi za leo.

Kiasi hicho cha data ni kidogo mno ukilinganisha na video. Mbona basi sauti inakatakata ofisini wakati kifurushi bado kimejaa? Pakiti ya sauti iliyochelewa haina kazi tena. Barua pepe ikichelewa nusu sekunde hakuna anayetambua, na kipande chake kikipotea hutumwa upya. Silabi iliyochelewa nusu sekunde hutupwa, kwa sababu mazungumzo yameshasonga mbele. Inatosha kompyuta moja ya ofisi ianze kupandisha nakala ya mafaili kwenda mtandaoni, na ruta ikazipanga pakiti za sauti nyuma ya mzigo huo. Msemaji wa upande wa pili husikia "ha... ha... ko vipi", akakata na kupiga tena. Hapo lawama hupewa programu, na pengine hununuliwa nyingine ghali zaidi, ilhali dawa ilikuwa ndani ya ruta: sehemu ya mipangilio inayoipa sauti kipaumbele. Fundi anayekabidhi mfumo wa simu bila kuigusa sehemu hiyo hajamaliza kazi.

Teknolojia hii si changa. Majaribio ya kupitisha sauti kwa pakiti yalifanyika Marekani katika miaka ya 1970. Mwaka 1995 kampuni ya VocalTec ya Israel ilitoa programu ya kwanza iliyouzwa kwa watu wa kawaida ya kupiga simu kutoka kompyuta hadi kompyuta. Mwaka 1999 ulileta mambo mawili yaliyobadilisha ofisi. La kwanza ni SIP, itifaki inayoeleza jinsi simu moja inavyoita nyingine, inavyolia, inavyopokewa na inavyokatwa. Kwa sababu ni ya wote, simu ya kiwanda kimoja huweza kuzungumza na mitambo ya kiwanda kingine. La pili ni Asterisk, programu ya switchibodi iliyoandikwa na kijana wa Kimarekani, Mark Spencer, na kutolewa bure pamoja na msimbo wake. Kabla ya hapo switchibodi ilikuwa kabati la chuma lililonunuliwa kwa fedha nyingi na kufunguliwa na fundi wa kampuni peke yake. Tangu Asterisk, kompyuta ya kawaida inaweza kuifanya kazi hiyo.

Skype, iliyoanza mwaka 2003, ndiyo iliyowazoesha watu duniani kote kupiga simu kwa intaneti. Ilipita mikononi mwa eBay, kisha Microsoft kwa dola bilioni 8.5 mwaka 2011, na ikafungwa Mei 2025, wateja wakielekezwa kwenye Teams. Afrika Mashariki ilifikiwa zaidi na WhatsApp, iliyoongeza simu za sauti mwaka 2015. Aliyekuwa akibipu sasa anapiga na kuzungumza saa nzima kwa kipande cha bando.

Kwa ofisi, huduma zilizopo hutofautiana kwa swali moja: switchibodi ni ya nani na iko wapi. Inaweza kuwa ndani ya uzio wa taasisi, katika kompyuta ndogo yenye Asterisk au programu ya jamii hiyo. Simu za mezani za intaneti huchomekwa kwenye nyaya za mtandao, kila moja hupewa ekstensheni, na mlinzi wa getini humpigia mhasibu bila shilingi kutumika na bila intaneti kuhitajika kabisa. Jambo hili husahaulika sana. Intaneti ya nje ikikatika, simu za ndani ya uzio huendelea kulia. Inaweza pia kuwa kwa mtoa huduma, ambapo taasisi hulipa kwa mwezi kwa kila mtumiaji na haihangaiki na seva, lakini kiungo cha nje kikikatika hata jiko haliwezi kuipigia ofisi. Teams ya Microsoft na Zoom, iliyoanzishwa na Eric Yuan mwaka 2011, ni za kundi hilo. Kwa taasisi yenye majengo mengi na kiungo kisichoaminika, switchibodi ya ndani ndiyo chaguo bora, na wauzaji wengi hawaisemi kwa sababu haina malipo ya kila mwezi.

Kuna pia kampuni zinazouza uwezo wenyewe wa mawasiliano kwa watengenezaji wa programu. Africa's Talking, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010, hutoa njia za sauti, ujumbe mfupi na menyu za nyota na reli, ili mtengenezaji aziunganishe na mfumo wake bila kufanya mkataba na kila kampuni ya simu. Beem ya Dar es Salaam hufanya kazi ya aina hiyo kwa kampuni na taasisi za Tanzania. Chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku au wafuga nyuki wa Tabora kinaweza kwa njia hiyo kuwatangazia wanachama wote siku ya soko, ujumbe ukifika na jina la chama badala ya namba ya katibu. Wanachama wengi wana simu za kitochi, na ujumbe wa kawaida hauhitaji bando. Kwa asiyesoma, mfumo huohuo unaweza kumpigia simu na kumsomea tangazo kwa sauti iliyorekodiwa. Kwa mazingira ya vijijini, huduma hii ya mwisho ina manufaa makubwa kuliko mkutano wa video wa aina yoyote.

Sheria nayo ina sehemu yake. Upekee wa TTCL katika simu za mezani na njia za kimataifa ulimalizika mwaka 2005, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano iliyoundwa kwa sheria ya 2003, ikaanzisha mfumo wa leseni usiojali teknolojia: za miundombinu, za huduma za mtandao, za huduma za matumizi na za maudhui. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 ndiyo inayosimamia shughuli hizo. Taasisi inayotumia simu za intaneti ndani ya ofisi zake iko katika hali tofauti na mtu anayewauzia wengine dakika. Kosa kubwa linalofikishwa mahakamani ni la kupenyeza simu za kimataifa: simu ya kutoka nje huingizwa nchini kwa intaneti, kisha hupitishwa katika kifaa kilichojaa laini za kawaida. Mpokeaji huona namba ya ndani ingawa anayepiga yuko ng'ambo, na malipo ya kimataifa hayalipwi. Mwaka 2013 Tanzania ilianza kutumia mfumo wa kufuatilia trafiki ya simu, TTMS, ambao miongoni mwa kazi zake ni kuzinasa laini za namna hiyo. Anayeuziwa dakika za bei ya ajabu na mtu asiye na leseni ananunua huduma inayoweza kuzimwa siku yoyote.

Nchi jirani na za mbali zina taratibu zao. Uganda ilitoza shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, simu za WhatsApp zikiwemo, na mwaka 2021 ikaiondoa tozo hiyo na kuweka kodi ya asilimia 12 kwenye data. Katika Ghuba mambo ni magumu zaidi, na yanawagusa watu wa Tabora moja kwa moja, kwa kuwa zipo familia zilizobaki na ndugu Oman tangu enzi za misafara, na wapo vijana walioenda kufanya kazi huko. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu simu za WhatsApp huzuiwa, na wakazi hutumia programu zilizoruhusiwa kama BOTIM. Oman nayo ilizizuia simu za programu zisizo na leseni kwa miaka mingi, ikalegeza kwa baadhi ya programu za mikutano mwaka 2020 wakati wa janga la korona. Katika miaka hiyo, ndugu wa Muscat ambaye hakupokea simu ya WhatsApp huenda wala hakuiona ikiingia. Nchini Tanzania kwenyewe, wakati wa uchaguzi mkuu wa Oktoba 2020, WhatsApp na mitandao mingine ilizuiwa kwa siku kadhaa. Ofisi iliyokuwa imeweka mawasiliano yake yote humo ilibaki bila sauti.

Kwa sababu hizo taasisi ya bara haipaswi kuiacha kabisa laini ya kawaida. Switchibodi ya intaneti inaweza kuunganishwa na kifaa kidogo chenye laini moja au mbili za simu ya mkononi, ili njia kuu ikifa simu za dharura zitoke kwa upande huo.

Kisha umeme. Simu ya mezani ya zamani ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu, volti 48 katika waya uleule wa sauti, na ilifanya kazi hata mji mzima ukiwa gizani. Simu ya intaneti hufa pamoja na taa. Dawa ni kuzilisha simu zote kupitia waya wa mtandao kutoka chanzo kimoja, na chanzo hicho kukiwekea betri. Simu kumi za wati 4 kila moja, pamoja na swichi, ruta na kompyuta ndogo ya switchibodi kwa wati 10 kila kimoja, hufanya wati 70. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, hutoa saa nane hivi. Paneli za sola hutosha kuijaza mchana, na jua la Tabora halikosekani miezi mingi ya mwaka.

Mvua za masika na radi zake huleta hatari nyingine. Waya wa shaba uliopitishwa kutoka jengo moja hadi jingine hubeba mshtuko wa radi ukaunguza swichi za pande zote mbili, hata kama radi haikupiga jengo lolote. Kati ya majengo pitishwe faiba, ambayo haipitishi umeme. Shaba ibaki ndani ya jengo.

Mambo mawili hubaki katika mkataba. Mfumo unaorekodi simu hukusanya taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, humtaka mwenye mfumo awaarifu wahusika na azilinde taarifa hizo. Kwa hiyo iulizwe rekodi zinahifadhiwa katika nchi gani, kwa muda gani, na nani anaweza kuzisikiliza. La pili ni umiliki wa namba. Tangu Machi 2017 mteja wa simu ya mkononi Tanzania anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba. Namba iliyotolewa pamoja na huduma ya intaneti si lazima iwe na uhuru huo. Taasisi ambayo namba yake ya 026 imechapwa kwenye barua, vitabu na mihuri kwa miaka mingi inapaswa kupata jibu la maandishi, kabla ya kutia saini, kama namba hiyo itahamishiwa kwenye mfumo mpya, na kama itarudishwa siku mkataba utakapovunjwa.